Foni Inayosikia Isiyosema

Kitu kimoja kinanitia hasira haraka: mtu kunisimamia mgongoni nikiwa nimeshika chuma cha kuchomelea. Siku ile walinisimamia wawili. Gaspard mwenye foni, anajikuna kichwa utafikiri jibu limejificha kwenye nywele, na Ilias mdogo wangu, anapumulia sikioni mwangu. Wa tatu, mama Benite, hakusimama. Alikaa chini kwenye simenti, amekunja miguu, kipaza sauti cha foni kiko mapajani, na yeye ndiye aliyenilemea kuliko wote. Wale wawili niliwaambia watoke nje wakapigwe na jua kidogo. Walifika mlangoni, wakarudi.

Mimi ni Kudra wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Natengeneza redio. Kazi tuliirithi kwa baba yetu, marehemu mzee Massoudi, ila Ilias alipenda vyombo vya kelele: spika za harusi, ampli za baa, vipaza sauti vya msikiti. Mi nilibaki na vile vinavyosema na mbali. Asubuhi ile Gaspard alimtuma mtu wa pikipiki aje kutuchukua sote wawili, na huyo mtu hakutaka hata tumalize chai. Nilipanda nimenuna.

Foni, kwa asiyeijua, ni redio ya kuongelea mbali. Kule milimani Kongo, ambako simu imebaki kuwa tochi tu kwa sababu hakuna rezo, yaani mtandao, watu wanazungumza kwa foni. Unakuja saa iliyopangwa, unakaa kwenye benchi na wenzako, zamu yako ikifika unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, unasikiliza. Siri hakuna. Benchi zima linasikia nani kafa, nani kazaa, mahari ya nani imeliwa na mjomba. Gaspard alivuka na foni yake wakati wa vita, akaifunga katika chumba chake cha mbele hapa Cibitoke, waya wa antena ukatoka kwenye bati hadi kwenye mti wa avoka wa jirani. Wakimbizi wa kule juu wanatoka mpaka Carama kwa miguu kuja kusikia sauti za watu wao. Foni nyingine za upande wa Uvira zilikuwa zimenyamaza tangu mapigano yaanze, kwa hiyo ilikuwa imebaki hii moja.

Na hii moja radi ilikuwa imeipiga. Haikuiua yote. Ingekuwa afadhali. Iliunguza ampli tu, kile kipande cha mwisho kinachoipa sauti nguvu kabla haijaenda antenani. Kwa hiyo foni ilisikia vizuri sana, ila ikisema, inanong'ona, sauti haifiki hata mtaa wa Kinama. Watu wa benchi walikuwa wanakaa pale wanasikiliza ndugu zao wakiwaita kwa majina, na hawawezi kujibu.

Sasa nikueleze kwa nini mama Benite alikuwa sakafuni. Jina lake ni Nsimire, anauza mawese sokoni Cibitoke. Alivuka mpaka wa Gatumba na watoto wadogo, binti yake mkubwa Benite akabaki kule Kashungwe, milimani, kumtunza bibi ambaye hakuweza tena kutembea. Bibi akafa, akazikwa. Benite akawa peke yake. Asubuhi ile, kwenye foni ya saa mbili, Divin, yule kijana anayeendesha foni ya Kashungwe, alimpa Benite kipaza sauti, na benchi zima likamsikia.

“Mama, ni mi. Watu wanashuka leo, baada ya foni ya saa kumi. Wanapitia njia ya daraja. Niende nao ao nibaki? Mama, uniambie.”

Njia ya daraja. Juzi yake tu wanawake wa biashara walikuwa wamefika Gatumba wanatetemeka, wakasema darajani kuna watu wa bunduki, kwamba wazee wanapita, wanaume wanapita wakiacha mizigo, lakini wasichana wanavutwa pembeni. Wasichana walioshuka kwa njia ile tangu siku ya soko iliyopita, hakuna hata mmoja aliyefika. Mama Benite alikuwa analijua hilo, benchi zima lilikuwa linalijua. Gaspard aliniambia kwamba Nsimire alikamata kitufe akapiga kelele apana, apana mwanangu, baki, mpaka majirani wakaja kuangalia nani anapigwa. Na kule juu Benite akasema tu, mama uko? Mama, sisikii kitu. Kisha muda wa foni ukaisha.

Kutuma mtu ilikuwa haiwezekani. Kwa miguu ni siku mbili za kupanda, na saa kumi ilikuwa leo. Kwa hiyo walituita sisi.

Nilipofungua foni nikakuta transista za ampli zimepasuka kama mahindi ya kukaanga. Za namna ile mjini hapa hazipo, mi nimeshazitafuta mpaka viatu vikaisha. Lakini Ilias alikumbuka kwamba kwenye lundo letu kule Buyenzi kuna ampli ya redio ya shirika moja lililofunga ofisi likaondoka. Alienda akaileta. Ilikuwa nzima, ina transista zake, lakini haina jina, haina karatasi, hakuna aliyejua inataka kulishwa nini wala inataka kumtolea nani. Huo ndio ulikuwa mtihani.

Maana ampli si kitu cha kubandika tu. Kila ampli ina makoo mawili, koo la kuingizia na koo la kutolea. Mafundi waliosoma Kifaransa wanasema empedansi, mi nasema koo. Ukimimina mawese kutoka kwenye bidoni, lile dumu pana, uyatie kwenye chupa ya shingo nyembamba, mengine yanamwagika. Nguvu ya redio nayo ni hivyo hivyo, ila yenyewe ikikataliwa kutoka inarudi kwenye transista na kuiunguza. Kwa hiyo kabla ya kuifunga lazima upime makoo yote mawili, kisha uzungushe waya kwenye pete za chuma mpaka upana wa huku na upana wa kule vikubaliane. Ukikosea kupima, umeiua. Na sisi tulikuwa na hiyo moja tu.

Koo la kuingizia nililipima mwenyewe. Niliweka rezistansi ndogo, kile kipande kinachobana umeme, ambayo ohmu zake nazijua, kati ya foni na ampli, nikashika diodi na mita, nikasoma volti za kabla ya rezistansi na za baada yake. Nikawa nabadilisha rezistansi moja baada ya nyingine mpaka za baada zikabaki nusu ya zile za kabla. Ikifika nusu, umelikamata: koo ni sawasawa na rezistansi uliyoweka. Gaspard aliniuliza kama bado. Nilimwambia akiuliza tena nitampa yeye chuma cha kuchomelea na mi nitakaa nijikune kichwa.  Mama Benite alikuwa anatazama mikono yangu tu, na kila niliposhusha pumzi na yeye alishusha.

Koo la kutolea ni habari nyingine. Pale kuna nguvu ya kweli, na ampli ya foni ukiiacha iseme bila mzigo inajimaliza yenyewe. Inataka rezistansi nene zinazoweza kumeza nguvu yote bila kuungua, zizamishwe ndani ya mafuta zipoe. Unapima volti ukiwa na mzigo mmoja, unaongeza wa pili, unapima tena, na kwa jinsi volti zinavyoshuka unajua koo lina upana gani. Kazi ya kutengeneza mzigo nilimwachia Ilias kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye ampli. Nilimwambia ohmu ninazotaka, akasema sawa dada, akaingia uani. Alitumia kopo la maziwa ya unga, akafunga makundi mawili ya rezistansi, na mama Benite akakimbia kuleta mawese yake mwenyewe, mazuri, ya kuuza. Nilipoinua kichwa kopo lilikuwa limeshajaa, jekundu, waya zinachungulia juu, ndani huoni kitu.

Nikasema Bismillah, tukapima. Mzigo wa kwanza, volti kadhaa. Mzigo wa pili, zikashuka, na zilishuka chini kuliko nilivyotegemea. Nilirudia, zikashuka vilevile. Nikasema basi, mita haina sababu ya kunidanganya, labda ampli hii ndivyo ilivyozaliwa. Nikapiga hesabu kwenye kiganja, nikazungusha waya kwenye pete kufuatana na hesabu, nikachomelea, nikafunga. Kisha tukajaribu kwenye kopo. Wallahi ilikuwa nzuri kutazama. Mshale wa mita ulipanda ukasimama, transista zikabaki vuguvugu tu, mawese yakaanza kupata joto na chumba kikanukia kama jikoni. Ilias akapiga makofi. Gaspard akamwambia mama Benite ainuke, mutoto wake atamusikia leo. Aliinuka akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni, na mi nilimtazama nikafurahi, sitakataa, nilifurahi sana.

Saa kumi ilikuwa inakaribia. Nikatoa kopo, nikafunga antena.

Nilipobonyeza kitufe kidogo tu kujaribu, mshale ulikwenda nusu ukaanguka. Nikagusa transista, nikaondoa kidole haraka. Moto. Nikabonyeza tena kwa kugusa, moto zaidi. Antena ya Gaspard ilikuwa haina neno, ndiyo iliyofanya kazi miaka yote. Kwa kopo ampli inaimba, kwa antena inaungua. Nikasimama pale natazama lile kopo jekundu.

Nikamuuliza Ilias, “Ndani umeweka rezistansi zipi?”

“Zile nyeupe, dada. Za udongo. Zinabeba moto sana.”

Yeye alikuwa anajisifu kabisa. Zile nyeupe ndizo anazotumia kila siku kwa ampli za baa na za msikiti, na kwa kazi hiyo hakuna zinazozishinda. Lakini ndani ya ule udongo kuna waya umezungushwa kama uzi kwenye kijiti. Kwa sauti ya mwimbaji wa harusi waya huo hauna shida. Kwa foni, waya uliozungushwa ni koili, na koili inaongeza ukinzani wake juu ya ule ulioandikwa ubavuni. Kwa hiyo ule mzigo haukuwa na ohmu nilizomwambia, ulikuwa na zake, na volti nilizosoma hazikuwa za kweli. Tangu adhuhuri tulikuwa tumeifundisha ampli kuzungumza na kopo la mawese.

Nilimtukana. Nilimtukana Kiswahili, nikamtukana Kirundi, nikamtaja marehemu baba katikati, nikamwambia kichwa chake ni spika, kelele nje na uwazi ndani. Yeye alisimama mdomo wazi, kisha akakaa kwenye benchi akaanza kulia, mwanaume mzima mwenye ndevu. Sikumhurumia. Mama Benite ndiye aliyenigusa mkono. Aliniuliza taratibu kama inaweza kusema ao haiwezi.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia sijui. Rezistansi nzuri za kaboni, zenye nguvu ya kutosha, hatukuwa nazo. Na hata zingekuwako Buyenzi, kwenda na kurudi tungeikosa saa. Nikafungua pete, nikatoa mizunguko ya waya kwa kukisia, si kwa kupima, kama mtu anayekata nguo gizani. Nikafunga. Nikajaribu kwa kugusa: ilikuwa bado inapata moto, ila taratibu zaidi. Nikaitolea mizunguko mingine. Tone la moto la risasi ya kuchomelea likadondoka kwenye paja langu, na sikuhisi mpaka baadaye. Nilikuwa nasoma aya zote ninazozijua. Ndipo spika ikakoroma na sauti ya Divin ikaingia, safi, karibu, utafikiri yuko uani kwa Gaspard.

“Bujumbura, Bujumbura, Kashungwe hapa. Muko?”

Nsimire akabonyeza. Akaita jina la mtoto wake, akasema baki, akasema darajani, na mi nikaona mshale unaanguka, transista inatoa joto lile la pasi, nikamshika mkono akaachia. Hakuwa amesema hata maneno matano.

 Kisha Divin akasema kwamba amesikia kitu, kuna mtu kabonyeza, ila sauti haina maneno, ni kama mtu anapuliza. Watu wa benchi wote walisimama. Gaspard alishika kichwa kwa mikono miwili. Kule juu tulisikia Divin anaongea na watu pembeni, tukasikia na sauti ya msichana, kisha akarudi kwenye kipaza sauti.

“Mama Benite, kama ni we, usiseme. Bonyeza tu, itatosha. Mara moja, ni kusema ashuke. Mara mbili, ni kusema abaki. Wenzake wako hapa na mizigo kichwani, wanamungoja. Yeye anasema hatoki hapa mupaka asikie mama yake.”

Hatoki mpaka asikie mama yake. Mi niliyasikia yale maneno na nikayaelewa, ila niliyaelewa polepole, kwa sababu nilikuwa bado nawaza mizunguko ya waya. Kama tukinyamaza, atabaki. Kama foni ikifa kabisa, atabaki. Kitu cha hatari ni kimoja tu, nacho ni ampli hii kufa katikati, baada ya mbonyezo wa kwanza na kabla ya wa pili. Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu nikafungua mdomo, nikasema, “Mama Benite, ngoja, usibonyeze.”

Alikuwa ameshabonyeza.

Mshale ulipanda vizuri. Vizuri kabisa, kuliko mara zote. Akaachia. Akabonyeza tena, na mshale haukuinuka. Nikasikia mlio mdogo ndani ya chuma, na harufu ile ambayo kila fundi anaijua ikatoka taratibu, na moshi mwembamba ukapanda mbele ya uso wake. Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe, kimekandamiza mpaka ukucha umekuwa mweupe.

“Moja,” Divin akasema. “Nimepata moja. Kama nimekosea, bonyeza tena. Nangoja.”

Na alingoja. Huyo kijana simlaumu, alingoja kweli, na sisi tulikuwa tunasikia upepo wa kule juu, na jogoo, na mtu anakohoa. Nilirukia foni. Niling'oa ampli, nikaunga antena moja kwa moja kwenye foni, ule mnong'ono wake mtupu, labda Mungu angeubeba. Nsimire alibonyeza. Gaspard alimpokonya akabonyeza yeye. Ilias alitoka mbio nje akaanza kuvuta waya wa antena kwenye mti wa avoka auinue juu zaidi, mtu anafanya chochote tu. Tulibonyeza mara mbili, tukabonyeza mara mbili tena, tukapiga kelele sote pamoja, benchi zima, apana, apana, utadhani kelele zetu zingevuka ziwa zenyewe.

“Basi,” Divin akasema. “Ni moja. Mama amekubali.”

Kisha akampa msichana kipaza sauti. Sauti ya Benite ilikuwa inacheka kidogo, ile ya mtu aliyekuwa anaogopa na sasa ameruhusiwa asiogope.

“Asante mama. Nilijua utanijibu. Nakuja sasa.”

Tukasikia mizigo inainuliwa. Tukasikia mwanamke anaita Benite, nisaidie mutoto wangu huyu, nikufungie mugongoni, njia ni ndefu. Tukasikia viatu kwenye changarawe, vinakwenda, na Divin anawatakia safari njema mmoja mmoja kwa majina, kisha anasema Kashungwe inafunga, mpaka kesho. Foni haijawahi kusikia vizuri namna ile tangu Gaspard aivushe.

Watu wa benchi walitoka mmoja mmoja. Gaspard alinyoosha mkono azime batri, Nsimire akauondoa ule mkono. Alikuwa amerudi kukaa sakafuni, kipaza sauti mapajani, anabonyeza, anaachia, anabonyeza, na kila jozi anaihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, moja, mbili. Mi nilichukua bisibisi, nikaanza kuifungua ile ampli iliyoungua.